Kwa nini Misri huwameza Waseleuki kila mara katika Rome: Total War? Je, kompyuta ina mpango wowote?

Mpanda_Ndovu ameuliza:

Habari zenu, ndugu wachezaji. Naomba msaada juu ya jambo lililonisumbua tangu likizo ya Desemba.

Ninacheza Rome: Total War, ule mchezo wa vita wa kompyuta wa zamani uliotoka mwaka 2004, kwa upande wa ukoo wa Kirumi wa Julii, na ugumu nimeuweka kwenye kiwango cha juu, ingawa si kile cha juu kabisa. Nimekwisha kuanza kampeni tano. Katika nne kati ya hizo, kabla sijamaliza hata kuwaondoa Wagali kaskazini mwa Italia, Misri imekwisha kutwaa Dameski, Antiokia na Tarso, na ifikapo mwaka 240 KK dola ya Waseleuki, watawala wa Shamu, imebakiwa na mji mmoja au imefutika kabisa kwenye ramani. Jambo hili linaniudhi kwa sababu mbili. Kwanza, miji hiyo naijua tangu utotoni kwa kusomewa Matendo ya Mitume, na nilitamani siku nitakayofika huko na majeshi yangu nikute ufalme wa maana unaoilinda. Pili, Waseleuki ndio wenye ndovu waliovikwa deraya na wapanda farasi waliofunikwa chuma, wao na farasi wao, nami sijapata kukutana nao uwanjani hata mara moja. Nikivuka kwenda Asia nakuta Wamisri na magari yao ya vita, kuanzia Sardi hadi Seleukia.

Nilidhani tatizo ni fedha. Nikafungua faili la descr_strat.txt, linalopanga hali ya kuanzia kampeni, nikatafuta sehemu ya Waseleuki, na pale penye neno denari nikaandika 40000. Waliishi miaka michache zaidi, kisha wakamezwa vilevile.

Yako mambo mengine mawili ambayo huenda yanahusiana na hilo. La kwanza ni washirika. Miji ya Wagiriki, ambayo tulikuwa na muungano nayo kwa zaidi ya miaka kumi, ilileta meli moja, nasema moja, ikafunga bandari yangu ya Ariminum, na muungano ukavunjika zamu ileile. Nyuma ya meli hiyo halikuja jeshi lolote, na wakati huohuo Wagiriki hao walikuwa wanachapwa na Makedonia nyumbani kwao.

La pili ni kampeni ya tano, ambayo haifanani na zile nne. Zile nne nilizicheza likizoni nyumbani kwa kaka yangu, siku nzima nzima. Hii ya tano naicheza kwangu jioni, zamu mbili au tatu tu, kwa kuwa betri ya kompyuta yangu imechoka na umeme wa mtaani kwetu hautabiriki, kwa hiyo nahifadhi mchezo kila baada ya zamu. Katika kampeni hii Misri haijammeza mtu. Miaka arobaini imepita na mipaka ya mashariki iko karibu palepale ilipoanzia, ila majeshi yanakwenda na kurudi kama watu waliosahau walichotumwa.

Naomba kujua: je, watengenezaji waliandika mahali fulani kwamba Misri ishinde? Kama hawakuandika, ni nini kinachoiongoza kompyuta? Na nikitaka Waseleuki waishi hadi nifike, nibadilishe nini?

KeteNamua amejibu:

Ndugu Mpanda Ndovu, nimeucheza mchezo huu kwa miaka mingi, na maoni yangu ni kwamba unaitafutia kompyuta akili ambayo haina. Mimi huifananisha na mtu aliyejifunza bao jana: akiona kete za kuliwa mbele yake anazila, bila kuangalia kwamba nyumba yake ameiacha wazi na kwamba mwenzake anasubiri mtaji. Ile meli ya Wagiriki iliona bandari isiyo na meli ya ulinzi, ikaingia. Haikukuchukia wala haikusaliti mtu, kwa sababu muungano ni maneno kwenye skrini yako tu, na sijaona hata siku moja maneno hayo yakiuzuia mkono wa kompyuta.

Ushauri wangu ni mfupi. Weka meli mbili katika kila bandari yako, na ushushe ugumu wa kampeni hadi kiwango cha kati. Kadiri unavyoupandisha ndivyo kompyuta inavyopewa fedha zaidi na kukuandama wewe binafsi, na hapo ndipo dunia nzima inapoanza kuonekana kama ina kisa nawe. Kuhusu Misri, nadhani imependelewa tu. Ina mashamba mazuri, ina bandari, na upande wa kusini na magharibi hakuna wa kuisumbua.

Fundi_wa_Mafaili amejibu:

Ndugu Mpanda Ndovu, ulilolitaja mwisho ningelianza nalo, kwa sababu ndilo linalofungua mengine.

Mchezo wako bila shaka ni ule wa diski ya mwanzo ambao haujawahi kupata masasisho. Toleo hilo lina kasoro inayojulikana sana na wachezaji wa zamani: mchezo uliohifadhiwa unapofunguliwa upya, dola za kompyuta hazikumbuki zilichokuwa zinakifanya. Jeshi lililouzingira mji jana linajiuliza upya leo kama kuna haja ya kuuzingira, na mara nyingi linaondoka. Kwa kuwa kuuangusha mji wenye ukuta huhitaji zamu kadhaa za kungoja, mchezaji anayehifadhi na kufungua kila baada ya zamu mbili huwa anaivunja mizingiro yote ya dunia bila kujua. Yale majeshi uliyosema yanakwenda na kurudi kama yaliyosahau yalichotumwa, kwa kweli yamesahau. Kule kwa kaka yako ulicheza siku nzima bila kufunga, mizingiro ikakamilika, na Misri ikameza. Ni mchezo uleule na Misri ileile, na kilichotofautiana ni umeme. Masasisho yaliyotoka wakati wa nyongeza ya Barbarian Invasion mwaka 2005 na baada yake yalilishughulikia jambo hilo, kwa hiyo weka toleo la 1.5, ambalo ndilo la mwisho kwa mchezo wa msingi, kabla hujagusa kitu kingine chochote. La sivyo utabadilisha faili, utaona dunia imetulia, na utajipongeza kwa kazi iliyofanywa na kasoro.

Sasa swali lako la kwanza. Hapana, hakuna mahali palipoandikwa kwamba Misri ishinde. Ukirudi katika descr_strat.txt utaona kwamba jina la kila dola limefuatwa na maneno mawili. La kwanza linahusu ujenzi: balanced, trader, sailor, fortified na mengineyo, nalo huielekeza kompyuta ipendelee masoko, bandari, kuta au mashamba. La pili linahusu aina ya askari, na hapo mtengenezaji mmoja aliamua kujifurahisha, kwa maana majina ni mao, genghis, stalin, napoleon, henry, caesar, pamoja na smith maskini ambaye hapendelei chochote. Genghis hupenda wapanda farasi wepesi na wapiga mishale wa farasini. Stalin hupenda askari wazito kwa wingi pamoja na mitambo ya kuvunjia kuta. Hayo yote yanaamua nini kijengwe na nani aandikishwe jeshini. Hakuna neno hata moja linalosema nani ashambuliwe. Mwishoni mwa faili iko orodha ya mahusiano ya mwanzo, ambapo namba ndogo ni urafiki na namba kubwa ni uhasama, lakini hiyo ni hali ya siku ya kwanza tu. Uamuzi wa vita wenyewe umefungiwa ndani ya programu, mahali ambapo sisi hatufiki. Katika Medieval II: Total War ya mwaka 2006 sehemu kubwa ya maamuzi hayo ilitolewa nje na kuwekwa katika faili la maandishi, ndiyo maana waliohamia huko waliweza kuirekebisha kompyuta kwa kiasi ambacho sisi wa Rome tunakitamani hadi leo.

Kwa kuwa hatuwezi kuufungua ubongo, tutazame tabia. Mwaka jana nilifanya hivi: nilianza kampeni kwa upande wa Britania, kisiwani mbali na kila mtu, nikafungua dirisha la amri, nikaandika toggle_fow ili ukungu wa vita uondoke na ramani yote ionekane, kisha nikawa nabonyeza kumaliza zamu bila kufanya lolote, nikitazama Shamu na daftari mkononi. Zamu 60, yaani miaka 30, bila kufunga mchezo.

Waseleuki wanaanza na miji sita: Antiokia, Dameski, Tarso, Sardi, Hatra na Seleukia. Itazame kwenye ramani uone ilivyotawanyika. Sardi inapakana na Wagiriki wa Pergamoni, Tarso iko mlango mmoja na Wapontiki wa Mazaka, Hatra inatazamana na Waarmenia, Seleukia inatazamana na Waparthi, na Dameski iko katikati ya Sidoni na Yerusalemu, ambazo zote mbili ni za Misri tangu siku ya kwanza. Misri nayo ina miji sita, lakini mitatu iko kwenye mto Nili na haina jirani wa kuitisha. Kompyuta, kwa jinsi nilivyoiona, hupima mpaka: upande huu wa mpaka kuna nguvu kiasi gani, na upande ule kuna kiasi gani. Haipimi ufalme mzima. Kwa hiyo Misri inaweza kuusukuma uzito wake wote kwenye mpaka mmoja, na kila inapopima inajikuta ina nguvu kuliko jirani. Mseleuki anayo mipaka mitano, na kila anapopima anajikuta ana upungufu mahali fulani, basi anahamisha.

Kuna jeshi moja nililifuata kwa jicho. Lilikuwa na vikosi tisa, likiongozwa na mtu wa ukoo wa kifalme, nalo lilitoka Antiokia kwenda Sardi kwa sababu Wagiriki walikuwa wamesogea. Lilipokaribia Sardi Wagiriki walikuwa wamekwisha kuondoka. Likageuka. Lilipokuwa milimani katikati ya safari ya kurudi, Wapontiki wakaizingira Tarso, nalo likaelekea Tarso. Wakati huo wote Antiokia, mji mkuu, ilikuwa inalindwa na vikosi viwili vya mgambo wa mikuki, na Wamisri wakapanda kutoka Sidoni na majeshi mawili. Mji ukaanguka zamu tatu baadaye. Lile jeshi la vikosi tisa lilikuwa bado njiani, halijapigana hata mara moja tangu liundwe.

Hii ndiyo sababu denari zako 40000 hazikusaidia. Katika mchezo huu kila mji huandaa kikosi kimoja kwa zamu, basi. Ukiwa na miji sita huwezi kupata zaidi ya vikosi sita kwa nusu mwaka hata ukiwa na hazina yote ya dunia, na kila kikosi kinapunguza idadi ya wakazi wa mji, jambo linalochelewesha mji kukua. Ndovu wenye deraya na wale wapanda farasi unaowangoja wanahitaji mji mkubwa wenye majengo ya juu. Mseleuki wa kompyuta anapopewa fedha nyingi huzimwaga kwa mgambo wanaopatikana leo, anadumaza miji yake, na anakufa akiwa na jeshi kubwa kidogo la watu wasiofaa. Fedha uliyompa ilimpunguzia nafasi ya kupata kile hasa ulichotaka apate.

Jambo moja zaidi kabla sijafika kwenye dawa. Dola mbili za kompyuta zikikutana, pigano halipiganwi, huhesabiwa. Hakuna kilima, hakuna ubavu, hakuna ukuta wa mikuki mirefu uliosimama imara mbele ya magari ya farasi. Falanksi ya Waseleuki, ambayo mikononi mwako ingeyasimamisha magari hayo bila jasho, katika hesabu hiyo ni namba tu zinazowekwa mizanini.

Dawa yangu ni kubadilisha mipaka badala ya hazina. Nitaieleza kwa urefu ukinijibu kama umekwisha kuweka toleo la 1.5.

Mwalimu_Mstaafu ameandika:

Nimefundisha historia kwa miaka mingi na mchezo huu niliufahamu kwa wajukuu, kwa hiyo mtanisamehe nikiuingilia kwa mlango wangu.

Anachokieleza Fundi kimenifurahisha, kwa sababu kiini chake hakiko mbali na yaliyotokea. Mwaka 270 KK, ambao ndio mwaka wa kuanzia kampeni, Misri ilikuwa chini ya Ptolemy II na Shamu ilikuwa chini ya Antiochus I, nao walikuwa ndio kwanza wametoka katika vita vya kwanza kati ya vile sita ambavyo wanahistoria huviita Vita vya Shamu, vilivyoendelea kwa vipindi kuanzia mwaka 274 hadi 168 KK. Hao Wamisri wa kwenye mchezo, wenye magari ya farasi na mavazi ya kifarao, ni wa zama za Ramesses na wamechelewa kwa karibu miaka elfu moja. Watawala wa Aleksandria walikuwa Wamakedonia waliopigana kwa falanksi kama wapinzani wao. Hilo nimelisema ili roho yangu itulie.

Jambo kubwa ni hili. Misri halisi nayo ilipata nafasi ya kummeza Mseleuki. Kuanzia mwaka 246 KK, Ptolemy III aliingia Shamu na kufika mbali sana upande wa mashariki, ng'ambo ya Frati, lakini akarudi, na waandishi wa kale wanasema alirudishwa na machafuko nyumbani. Mwaka 217 KK, mwanawe, Ptolemy IV, alimshinda Antiochus III huko Raphia. Mpanda Ndovu atapenda kujua kwamba, kwa mujibu wa Polybius, mwanahistoria Mgiriki wa kale, siku ile Misri ilileta ndovu 73 wa Afrika na Mseleuki akaleta 102 wa India, na kwamba wengi wa ndovu wa Afrika waliingiwa na hofu wakakataa kupambana. Hata hivyo Misri ilishinda, kwa msaada wa Wamisri wa asili wapatao 20,000 waliofunzwa kupigana kwa falanksi. Polybius anaendelea kusema kwamba kuwapa watu hao silaha kulimsaidia mfalme siku ile na kukamdhuru baadaye, kwa kuwa walijiona sasa wanaweza kujitegemea, na kweli sehemu ya kusini ya nchi ikaasi na kubaki nje ya mkono wa Aleksandria kwa takriban miaka ishirini.

Kisha iko habari ya mwaka 168 KK, ambayo wanafunzi wangu waliipenda kuliko zote. Safari hii Mseleuki, Antiochus IV, ndiye aliyekuwa karibu kuichukua Aleksandria. Mjumbe wa Roma, Popillius Laenas, alimkuta na jeshi lake njiani, akampa barua ya Seneti iliyomtaka aondoke. Mfalme akasema atashauriana na watu wake. Mjumbe akachukua fimbo, akachora duara mchangani kumzunguka mfalme, akamwambia atoe jibu kabla hajatoka ndani yake. Mfalme akaondoka Misri. Mjukuu wangu aliponionyesha kwamba katika mchezo huu mwanadiplomasia anaweza kuambatanisha ombi lake na tishio la kushambulia, nilimweleza habari hiyo, naye akaenda kujaribu kwa Makedonia, wakamkatalia.

Kwa hiyo wafalme wa kweli walizuiwa na mambo mawili: uasi nyuma yao, na hofu ya mtu wa tatu anayetazama. Kama kompyuta hupima mpaka mmoja kwa wakati mmoja, kama anavyosema Fundi, basi mambo hayo mawili hayamo katika mizani yake. Waseleuki hawakupona katika historia pia. Walitafunwa kutoka pande zote, na kilichobaki Shamu kikafanywa jimbo la Roma na jemadari wake Pompey mwaka 64 KK. Lakini kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka mia mbili, na mchezo unaimaliza kwa thelathini.

KeteNamua amejibu:

Shikamoo Mwalimu. Nakubali kwamba nilikosea niliposema Misri imependelewa tu. Hata hivyo uasi umo katika mchezo: miji iliyotekwa huleta fujo na wakati mwingine hujitoa, na mimi mwenyewe nimewahi kuiona Antiokia ikiwafukuza Wamisri ikawa mji wa waasi. Tatizo ni kwamba Misri ilirudi mwaka uliofuata ikaichukua tena, kwa sababu Waseleuki waliokuwa karibu hawakuwa na hata kikosi kimoja cha kuituma. Bado nashikilia suala la ugumu. Mpanda Ndovu, hukusema kama uliushusha.

Mpanda_Ndovu amejibu:

Shikamoo Mwalimu, na asanteni nyote. Habari ya lile duara mchangani nimeisoma mara tatu.

Fundi, ulikisia sawasawa: mchezo wangu ulikuwa wa diski ya mwanzo kabisa. Sasa nimeweka toleo la 1.5, na nimelijaribu kwa kuihifadhi kampeni wakati Wagiriki wameizingira Sardi. Nilifunga, nikanywa chai, nikafungua. Bado walikuwa pale ukutani. KeteNamua, ugumu nimeushusha hadi kiwango cha kati, ingawa moyo umeniuma kidogo. Fundi, naomba sasa hiyo dawa ya mipaka.

Fundi_wa_Mafaili amejibu:

Marahaba ya Mwalimu naiacha aitoe mwenyewe. Mimi niende kwenye faili.

Kwanza nakili descr_strat.txt uiweke pembeni. Faili hili halisamehe: ukiacha mabano moja wazi, kampeni itakataa kuanza na kukurudisha kwenye menyu bila kukueleza kosa liko wapi. Ukiongeza -show_err mwishoni mwa njia ya mkato ya mchezo, angalau utapata ujumbe unaotaja mstari wenye kasoro. Na kumbuka kwamba mabadiliko hayaingii katika kampeni iliyokwisha kuanza. Lazima uanze upya.

Nilichokifanya mimi ni kuziondoa Dameski na Sidoni kwa wenyewe na kuzipa waasi, ambao ndani ya faili huitwa slave. Kila mji umeandikwa kama fungu lenye mabano yake. Likate lote kama lilivyo chini ya Waseleuki au Misri, ulibandike chini ya slave. Usisahau watu: jeshi lililomo mjini haliko ndani ya fungu la mji, limeandikwa chini ya jina la kiongozi wake pamoja na namba za mahali aliposimama, kwa hiyo ukihamisha mji ukamsahau mtu, utamkuta jemadari wa Misri amesimama ndani ya mji wa waasi na mchezo hautakubali. Katika miji hiyo miwili weka waasi wenye nguvu kwelikweli, vikosi kumi au kumi na viwili kila mji. Kwa njia hiyo nimemnyang'anya kila mmoja mji mmoja, hakuna aliyeonewa, na Misri inapopima mpaka wake wa kaskazini haioni tena mgambo wawili wa mikuki. Inaona ukuta wa watu. Waliotengeneza Europa Barbarorum, mchezo huuhuu uliofanyiwa marekebisho makubwa na wachezaji, walitumia wazo hilohilo karibu ramani nzima: miji isiyo ya dola yoyote ilipewa ulinzi mzito ili mataifa makubwa yasienee kama moto wa nyasi katika miaka ya mwanzo.

Pili, Sardi. Mji huo ndio uliolizungusha lile jeshi la vikosi tisa hadi likachelewa. Wapo wanaoutoa kwa Wagiriki moja kwa moja. Mimi sikupenda, kwa sababu ni kumpa Mgiriki zawadi, basi nikauongezea vikosi vinne vya falanksi ili usipige kelele kila Pergamoni inapokohoa. Mistari ya vikosi imo humohumo chini ya jina la kiongozi, kila kikosi mstari mmoja. Nakili mstari wa falanksi uliopo tayari, usijitungie wako.

Tatu, ile denari 40000 irudishe ilivyokuwa. Wakiishi miaka ishirini ya mwanzo kwa fedha zao wenyewe, miji itakua, na ndovu watakuja bila kununuliwa.

Kuhusu muungano, sina dawa. Nilijaribu kuwaandikia Misri na Waseleuki urafiki wa juu kabisa katika orodha ya mahusiano, wakaanza kampeni wakiwa ndugu, na vita vikawaka mwaka wa nne.

Mpanda_Ndovu amejibu:

Nimechelewa kurudi kwa sababu niliharibu faili mara mbili, zote kwa mabano, kama ulivyonionya. Mara ya tatu ilikubali.

Niko mwaka 238 KK. Misri ilikaa mbele ya Sidoni kwa miaka kumi na mmoja. Ilijaribu mara mbili, ikashindwa, mara ya tatu ikaichukua, na sasa imesimama mbele ya Dameski. Waseleuki wameipoteza Hatra kwa Waarmenia, jambo ambalo sikulitazamia, lakini wanayo Antiokia, Tarso, Sardi na Seleukia, na nilipotuma mpelelezi Antiokia aliniambia kuna vikosi kumi na saba ndani, viwili kati yake vikiwa vya ndovu. Si wale wenye deraya bado.

Jana jioni mwanadiplomasia wao alifika Ariminum kuniomba muungano. Nimemkubalia. Kisha nikaagiza meli mbili zikae bandarini.